Kuishi Kijani Kisumu: Nani Anabeba Mzigo wa Ziwa?

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, fuo za Ziwa Victoria hupata wageni wengi. Maafisa wa serikali, wanafunzi na wafanyakazi wa mashirika huja na fulana mpya, wakaokota chupa za plastiki, wakapanda miche, wakapigwa picha na kurudi makwao. Kesho yake mto Kisat, unaopita kwenye eneo la viwanda la Kisumu, huendelea kumwaga ziwani uchafu ule ule wa juzi. Kuokota chupa si kosa. Kosa ni kuamini kwamba chupa ndiyo kesi yenyewe.

Maneno kama "maisha ya kijani" na "maendeleo endelevu" yamezoeleka. Yako kwenye mabango ya nyumba za kuuza, kwenye ripoti za kampuni na kwenye manifesto za wanasiasa. Kila mtu anayakubali, na jambo linalokubaliwa na kila mtu huwa halimbani yeyote. Ili yawe na maana Kisumu, yanahitaji kipimo. Makala haya yanapendekeza kimoja: anayeishi kijani ni yule ambaye gharama ya maisha yake haimwangukii mwingine, awe jirani aliye chini ya mto au mtoto atakayezaliwa miaka thelathini ijayo. Tukipima hivyo, baadhi ya wanaojiita wa kijani watashindwa, na baadhi ya watu ambao hawajawahi kusikia maneno hayo watapita.

Wazo lilikotoka

Wazo lenyewe si geni kwetu. Mkutano wa Stockholm wa 1972 ulizaa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na makao yake yakawekwa Nairobi. Miaka mitano baadaye Wangari Maathai alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, kazi iliyompa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilitoa ripoti yake 1987 ikisema maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwapokonya wa kesho uwezo wa kukidhi ya kwao.

Kenya ilikwenda mbali zaidi ikaliandika jambo hili kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara. Kwa maandishi, basi, hatuna upungufu. Tunachopungukiwa ni watu wa kuyafuata maandishi hayo hadi mtoni.

Ghuba inapokea kila kitu

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu. Iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Lakini mito ya Kenya huleta zaidi ya theluthi moja ya maji ya mito yanayoingia ziwani. Mwenye kipande kidogo ndiye mwenye mkono mrefu.

Mito hiyo mingi huishia katika Ghuba ya Winam, mkono mwembamba wa ziwa unaofika hadi Kisumu. Karibu na mji, kina cha maji ni mita chache tu, na maji ya ghuba hubadilishana kwa shida na yale ya ziwa kuu. Ghuba ni kama beseni lililowekwa chini ya paa bovu: kila kinachovuja juu kinaishia humo. Mto Nyando unashuka kutoka milima ya Nandi na Kericho, unapita mashamba ya chai na ya miwa, kisha unaingia kwenye tambarare za Kano ukiwa na rangi ya udongo. Ukienda Nyakach utaliona korongo la Katuk Odeyo, ambako ardhi iliyokuwa ya malisho imemong'onyoka ikawa mtaro mkubwa. Udongo ule haukupotea. Uko ziwani, pamoja na fosforasi iliyoushikilia. Sondu-Miriu nao unatoka msitu wa Mau, ambao kikosi kazi cha serikali kiliripoti mwaka 2009 kwamba takriban robo yake ilikuwa imepotea.

Mji nao unaongeza vyake. Mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Obunga, inayouzunguka mji kama ukanda, ilijengwa kabla ya mabomba ya maji taka kufika, na hadi leo wengi hutumia vyoo vya shimo mahali ambapo maji ya ardhini yako juu sana. Visima vifupi vilivyo hatua chache kutoka vyooni hupata uchafu huo kabla ya ziwa kuupata. Kwa hiyo wa kwanza kulipia uchafu wa Kisumu ni maskini wa Kisumu, kupitia tumbo la kuhara la mtoto. Samaki anafuata.

Gugu maji: dalili inayotibiwa kama ugonjwa

Hakuna kinachozungumzwa zaidi kuhusu ziwa hili kuliko gugu maji. Mmea huu wa asili ya Amerika Kusini ulionekana katika maji ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufikia 1998 ulikuwa umefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Mashua zilikwama, bandari ya Kisumu ikazibwa, na wavuvi wakakaa bichi wakitazama kijani kisichoisha. Mwaka 1997 watafiti walikuwa wamewaachia fukusi wadogo wanaokula mmea huo. Fukusi hao, wakisaidiwa na mawimbi na mvua za El Niño, walilipunguza sana gugu kufikia mwisho wa muongo. Mvua kubwa za 2006 ziliposomba udongo na mbolea nyingine, likarudi.

Kurudi kwake kunaeleza yote. Gugu maji hula naitrojeni na fosforasi. Palipo na lishe hiyo litastawi, na likiondolewa, mwani utachukua nafasi yake. Mashine za kulivuna zimeletwa na kuharibika. Wabunifu wamelitengenezea samani, karatasi, vikapu na gesi ya kupikia, na baadhi ya kazi hizo zinafanywa Dunga, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Ubunifu huo unastahili sifa kwa kuwapa watu riziki. Ila tusiuchanganye na suluhisho. Biashara inayotegemea gugu inahitaji gugu liendelee kuwepo, na gugu linahitaji maji taka yaendelee kuja. Siku ziwa likipona, malighafi itakwisha. Mradi wa namna hiyo unaitwa wa kijani kwa sababu bidhaa yake ni ya kijani. Chanzo cha tatizo, ambacho ni mlimani na kwenye mabomba, kinabaki palepale.

Samaki: nani anakula mnofu, nani anakula mgongo

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, samaki aitwaye mbuta aliingizwa ziwani kutoka maji mengine. Ilichukua muda, lakini kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala. Aina nyingi za fulu, samaki wadogo wasiopatikana kokote kwingine duniani, zilitoweka. Inakadiriwa ni takriban 200. Wakati huo huo viwanda vya minofu vilifunguliwa Kisumu na miji mingine ya ziwa, na samaki akaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Hata moto ulibadilika. Samaki wadogo walikuwa wakianikwa juani, ilhali mbuta ana mafuta mengi na hukaushwa kwa moshi au hukaangwa, hivyo mahitaji ya kuni yakapanda. Uamuzi uliofanywa majini ukakata miti nchi kavu.

Nenda Obunga uone mwisho wa safari hiyo. Kiwandani mbuta hukatwa minofu pande zote mbili, na minofu hiyo hugandishwa ikasafirishwa. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, na nyama kidogo iliyong'ang'ania mifupa. Wenyeji wanakiita mgongo wazi. Wanawake hununua mabaki hayo, wakayaanika kwenye vichanja huku inzi na ndege aina ya marabu wakivizia, kisha wakayatumbukiza kwenye karai la mafuta yanayochemka juu ya kuni hadi mifupa midogo iwe ya kutafunika. Hapo ndipo mgongo wazi huuzwa mtaani, ukaliwa na ugali na sukuma wiki. Hakuna kinachotupwa.

Kwa vitabu vya maisha ya kijani, Obunga wamefaulu: wanatumia kilichokataliwa na wengine, na chakula chao hakijasafiri hata kilomita tano. Lakini moshi wa karai unaingia kwenye mapafu ya mkaangaji na ya mtoto aliye mgongoni mwake. Mnofu umekwenda kwa mwenye pesa, moshi umebaki kwa asiye nazo. Hapa kipimo chetu kinafanya kazi: uendelevu wa meza ya Ulaya, yenye samaki aliyefungwa vizuri na kuwekewa nembo, umelipiwa na kifua cha mwanamke wa Obunga.

Samaki wa ziwa walipopungua, pengo lilizibwa na tilapia aliyegandishwa kutoka Uchina. Leo mji uliojengwa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika unanunua samaki aliyevuka bahari, na kwa mama samaki mwenye mtaji mdogo uamuzi huo ni wa hesabu tu: anapatikana kila siku na bei yake haipandi hovyo. Jibu la ndani limekuwa vizimba vya kufugia samaki, ambavyo sasa vimejaa upande wa Kenya wa ziwa kwa maelfu. Vizimba vinaleta samaki na ajira. Vinaleta pia chakula kinachozama na kinyesi kinachoongeza lishe ile ile inayolisha mwani. Novemba 2022, kwenye ufuo wa Ogal na maeneo jirani, samaki wa vizimbani walikufa kwa wingi baada ya oksijeni kupungua majini, na wafugaji wakapoteza mtaji wao wote kwa siku chache. Ziwa halikuwaonea. Liliwarudishia wao, na wasiohusika pia, kilichokuwa kimelundikana kwa miaka.

Pamoja na hayo, kuna utaratibu mmoja wa uvuvi unaoonyesha uendelevu halisi unavyofanana. Kila mwaka, kati ya Aprili na Julai, uvuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili, husimamishwa ili wazaane. Vikundi vya usimamizi wa fuo, vinavyojulikana zaidi kama BMU, ndivyo vinavyotarajiwa kuhakikisha mashua hazitoki na nyavu za macho madogo hazitumiki. Ni utaratibu wenye maumivu: ada za shule hazisimamishwi Aprili kwa sababu omena wamesimamishwa. Ndiyo maana baadhi hutoka usiku. Lakini hapa angalau jamii yenyewe inajinyima leo ili ile kesho. Kinachokosekana ni serikali kubeba sehemu ya njaa ya miezi hiyo.

Umaskini usiitwe kijani

Mkenya wa kawaida husababisha kaboni dioksidi isiyofika nusu tani kwa mwaka. Mmarekani husababisha zaidi ya tani 13. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo. Katika Kaunti ya Kisumu yenyewe, mtambo wa Sondu-Miriu una uwezo wa megawati 60, na maji yake yakitoka hapo huzungusha mitambo ya Sang'oro ya megawati 21. Watu wengi wa Kisumu huenda kazini kwa miguu. Kwa hesabu ya kaboni, mji huu ni mwanafunzi bora.

Sifa hiyo ina hatari. Anayetembea kilomita saba kwa sababu hana nauli hajachagua maisha ya kijani. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya za Kenya zilipikia kuni, na hakuna aliyefanya hivyo kwa kupenda moshi. Motokaa ndogo ya bei nafuu ikipatikana, yule anayetembea atainunua, kama vile pikipiki zilivyozifukuza baiskeli za boda boda mara tu serikali ilipoziondolea kodi karibu mwaka 2008. Utoaji mdogo wa hewa chafu unaotokana na ufukara hudumu kadiri ufukara unavyodumu. Kazi ni kumwezesha mtu kupanda hali bila kupanda uchafu. Kisumu imeanza kidogo: katikati ya mji barabara kadhaa zimewekewa njia pana za waendao kwa miguu na wa baiskeli, na mwaka 2022 mji ulipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Africities, njia hizo zilikuwa fahari yake. Zikifika Manyatta na Nyalenda, fahari hiyo itakuwa na haki.

Upande wa pili, watu hawa waliochangia kidogo joto la dunia ndio wanaolilipia. Mei 2020, baada ya miezi ya mvua isiyo ya kawaida, ziwa lilivuka kiwango cha juu kilichokuwa kimewekwa mwaka 1964. Nyumba, shule, zahanati na mashamba vilizama kuanzia Nyando hadi Budalang'i, na Dunga maji yakaingia hadi kwenye vibanda vya samaki. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena.

Sheria zilizouma na zilizobweka

Kuna wanaosema Mkenya hawezi kubadilika. Tarehe 28 Agosti 2017 iliwajibu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne, na katika muda wa wiki chache masoko kama Kibuye yalikuwa yamehamia vikapu na mifuko ya kitambaa. Mifuko ya magendo bado hupenya mpakani, lakini mitaro haizibwi nayo kama zamani. Sheria ile ilifaulu kwa sababu ilimshika mtengenezaji na muuzaji, badala ya kumwachia mnunuzi mahubiri.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ina nia hiyo hiyo: inataka taka zitenganishwe na inamtwika mzalishaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika. Kisumu inaihitaji. Kwa miongo mingi taka za mji zilirundikwa Kachok, karibu na uwanja wa mpira, hadi mlima wa taka ukawa alama ya mji. Kuuhamisha mlima ule lilikuwa jambo jema, lakini taka iliyohamishwa imebadilisha anwani tu. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni maganda na mabaki ya vyakula, mali ya kutengenezea mboji kwa mashamba yale yale yanayonunua mbolea ya dukani inayoishia mtoni.

Mahakamani mambo yamekuwa magumu zaidi. Wakazi wa Kibos waliwashtaki wenye viwanda vya sukari na pombe wakilalamikia maji na hewa yao. Mwaka 2019 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa ushindi. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Rufani na kisha Mahakama ya Juu zikasema malalamiko ya leseni na mazingira yalipaswa kuanzia kwenye vyombo maalumu vilivyowekwa na sheria. Hoja ya kisheria ina mantiki yake. Kwa anayeishi kando ya mto, maana yake ilikuwa moja: arudi kwenye foleni.

Figo tunazozikata

Kabla ya mitambo, ziwa lilikuwa na wasafishaji wake: mafunjo. Bwawa la Dunga hunasa udongo na uchafu kabla haujafika ghubani, huwapa samaki mazalio, ni makazi ya ndege wasioishi ila kwenye mafunjo, na huwapa wanawake malighafi ya mikeka na vikapu. Mafunjo yakikatwa kwa zamu huota upya. Yakichomwa ili kupata shamba au yakijazwa kifusi ili kupata kiwanja, hayarudi.

Kinachofanyika Dunga kwa vipande kilifanyika Yala kwa mkupuo. Bwawa la Yala, lenye takriban hekta 17,500, ndilo kubwa kuliko yote ya maji baridi nchini, na Ziwa Kanyaboli lililomo huhifadhi samaki wa asili aitwaye ngege, aliyetoweka karibu kote katika ziwa kuu. Mwaka 2003 kampuni ya Dominion Farms kutoka Marekani ilipewa sehemu ya bwawa hilo kwa miaka 25 ili ilime mpunga. Ahadi zilikuwa nyingi, na mzozo wa ardhi, malisho na mafuriko haukukoma hadi kampuni ilipoondoka kabla ya muda wake. Mpunga unahesabika kwa magunia. Kazi ya kusafisha maji iliyofanywa na bwawa haikuwa na bei, kwa hiyo katika mizani ya serikali ilihesabiwa kuwa sifuri.

Hoja ya tumbo

Yapo mabishano yanayostahili jibu. Vijana wanaoosha matatu na malori ndani ya maji ya ziwa wanauliza: mkitufukuza, tule nini? Ni swali la haki, na jibu lake ni sehemu ya kuoshea yenye mtaro unaonasa mafuta, ijengwe na kaunti kabla ya askari kutumwa. Mkulima wa mlimani anauliza kwa nini aache ukingo wa mto bila kulima wakati faida ni ya mvuvi asiyemjua. Naye yuko sawa, mpaka mvuvi na mji wamlipe kwa namna fulani: miche, maji ya bomba, bei nzuri ya maziwa. Uendelevu unaomtaka maskini ajinyime bila fidia huku kiwanda kikipewa muda zaidi kila leseni inapokwisha ni dhuluma iliyopakwa rangi ya kijani.

Kwa hiyo, atakayekuja na fulana mpya Juni ijayo apokewe vizuri, kisha aulizwe maswali matatu. Choo cha nyumba yako kinamwaga wapi? Kampuni yako inatoa maji gani, na vipimo vyake vimebandikwa wapi ili mtu wa Obunga avisome? Mwakilishi wa wadi na gavana uliowapigia kura wametenga kiasi gani kwa mabomba ya Nyalenda na Manyatta? Wanakaunti nao wayapeleke maswali hayo kwenye vikao vya bajeti, maana sheria inawapa nafasi ya kushiriki. Ziwa Victoria litapona siku gharama ya uchafu itakapolipwa na anayeuzalisha. Kabla ya hapo, tutakuwa tunaokota chupa.